Walimu na mafundi: mnafundishaje umeme, ufita na kompyuta kwenye karakana moja?

MwalimuWaNyaya

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi huku Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kufunga nyaya za majumbani nimefundisha, mota za fezi tatu nimefundisha, kuwasha mota kwa nyota-delta (inaanza kwa nguvu ndogo, kisha inahamia kwenye nguvu kamili) nimefundisha mpaka wanafunzi wananiita Delta. Upande wa pili wa ukuta kuna karakana ya ufita, yaani kazi ya kuchonga na kufunga vyuma. Huko anafundisha mzee ambaye vijana wanamwita Babu Tupa. Kila anayeingia kwake anapewa kipande cha chuma na tupa, na hatoki hadi chuma kiwe mraba kiasi kwamba ukiweka skwea na kukiinua dirishani, mwanga haupenyi. Wengine wiki tatu, wengine sita.

Mwaka jana tukaletewa kozi mpya ya mekatroniki. Agizo lilikuwa la mdomo zaidi kuliko la karatasi: changanyeni umeme, ufita, mifumo ya hewa na kompyuta, wanafunzi wako njiani. Tukakaa mimi, Babu Tupa na kijana wa kompyuta, tukagawana saa za wiki kama watu waliochinja ng'ombe wa mchango. Mimi kumi, Babu kumi, kijana sita. Kisha kila mtu akarudi kwake kufundisha kilekile alichokuwa akifundisha, ila kwa haraka zaidi.

Wiki ya tisa nikawawekea zoezi la pamoja. Mkanda mfupi unabeba kiboksi cha mbao, kikipita mbele ya sensa, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) inaamuru valvu (mlango wa hewa unaofunguliwa na koili ya umeme), silinda ya hewa inakisukuma pembeni. Kitu kidogo tu. Asubuhi kilifanya kazi, saa nne kikagoma. Sikuwa nimepanga kigome, lakini nikasema vizuri, ngoja nione.

Vijana kumi na wanne. Wanaopenda umeme wakachukua mita, wakapima kwenye koili ya valvu: volti 24 ipo. Wakasema, "Mwalimu, upande wetu uko safi." Wanaopenda kompyuta wakafungua programu, wakaipitia, wakasema upande wao uko safi. Wa ufita wakaishika silinda, wakaivuta kwa mkono, inateleza vizuri, upande wao uko safi. Dakika arobaini zikapita, pande zote safi na mashine imekufa! Babu Tupa akapita kuomba funguo ya stoo, akainama nyuma ya meza, akanyoosha bomba la hewa lililokuwa limejikunja. Silinda ikatoka kwa nguvu ikamgonga kijana mmoja kidole. Kidole ni kizima, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kilichonikera si bomba. Ni kwamba hawa ni wanafunzi wa kozi moja, hawajawahi kuitwa fundi umeme wala fita, na tayari wameshagawana fani kama sisi tulivyogawana saa.

Naombeni uzoefu wenu. Tuanze na fani moja kwanza au zote kwa pamoja? Mwalimu mmoja afundishe yote au tusimame wawili? Na vifaa: meza ya mafunzo tuliyopewa bei yake kutoka nje ni sawa na gari. Tuna PLC moja, valvu mbili, sensa tatu na kompresa inayopiga kelele kama trekta.

Naomba kuwasilisha.

---

Kipanga_Mbishi

Mkuu, mekatroniki ni jina la mjini tu. Fundi umeme akijifunza kushika spana, tayari. Msiwachoshe watoto wa watu.

---

FundiWaZamu

Kipanga, ungekuwa umewahi kukaa zamu ya usiku kwenye laini ya chupa usingeandika hivyo. Ngoja nimjibu mwalimu, nina muda leo, niko mapumziko.

Mwalimu Delta, mimi niko matengenezo kwenye kiwanda cha vinywaji Dar, miaka kumi na sita. Nilianza kama fundi umeme mwenye cheti na kiburi. Zamani kiwandani kwetu laini ikisimama msimamizi anaita fundi umeme. Anakuja, anapima, anaandika kwenye daftari "umeme sawa, aitwe mekanika." Mekanika anatoka kantini, anakagua, anaandika "mitambo sawa, aitwe mtu wa programu." Mtu wa programu yuko nyumbani Kimara amelala. Laini imesimama saa mbili, na kila ukurasa wa daftari unasema sawa. Kwa hiyo hao vijana wako kumi na wanne hawajafanya kosa geni.

Nikupe mkasa mmoja, kwa kuwa ndio ulionibadilisha. Kulikuwa na sensa inayoona chupa kabla ya kizuizi. Ikafa. Stoo wakatoa nyingine, umbo lilelile, uzi uleule, nyaya tatu zilezile: kahawia, bluu, nyeusi. Nikaifunga. Chupa ikipita, taa ya sensa inawaka, inazima, inawaka. Nikasema sensa nzima. Kizuizi hakitoki. Nikampisha mekanika, akafungua kizuizi chote, akabadilisha oringi, akafunga. Wapi. Karibu na alfajiri ndipo nikafungua paneli nikaangalia taa ya ingizo kwenye PLC: haiwaki kabisa. Sensa ya zamani ilikuwa PNP, inatoa chanya kwenye waya mweusi. Mpya ilikuwa NPN, inauvuta waya huo kwenda sifuri. Ingizo letu lilisubiri chanya. Sensa ilikuwa inasema kweli, ila kwa lugha ambayo msikilizaji haijui. Shule nilifundishwa transista NPN na PNP, nikafaulu vizuri tu, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku moja herufi hizo zitasimamisha laini nzima usiku kucha.

Tangu siku hiyo nikifundisha vijana wa fildi sianzi na umeme wala mitambo. Naanza na njia ya habari, kutoka inapoingia hadi inapotoka. Kitu kinapita, sensa inaona, waya unapeleka, taa ya ingizo inawaka, programu inaamua, taa ya tokeo inawaka, relei inashika, koili inavuta, valvu inahama, hewa inapita, silinda inatoka, sensa ya mwisho wa silinda inarudisha jibu. Wanaikariri kama watoto wanavyokariri miezi. Halafu nawaambia: ukifika kwenye mashine iliyokufa usiulize hii ni ya fani gani. Uliza habari imefika wapi.

Na pale katikati kuna zawadi. Valvu nyingi za umeme zina kitufe kidogo ubavuni, wakati mwingine cha rangi ya chungwa, unakibonyeza kwa bisibisi. Kitufe hicho kinahamisha valvu bila umeme. Bonyeza: silinda ikitoka, basi hewa, bomba, silinda na vyuma vyote ni vizima, tatizo liko nyuma, upande wa koili, nyaya na programu. Isipotoka, acha mita mfukoni, fuata hewa. Sekunde tano umeshagawa mashine nusu kwa nusu. Vijana wako wangebonyeza hicho kitufe wasingepoteza dakika arobaini.

Lakini kabla hujawaonyesha kitufe, wafundishe usalama wake, na hapa ndipo nadhani kuchanganya fani kunapookoa viungo vya watu. Fundi umeme tumezoeshwa hivi: zima, funga kufuli, pima hakuna volti, shika. Hewa haina habari na swichi yako. Umeme umekatwa, geji bado inasoma bar 6, na silinda ambayo pistoni yake ina kipenyo cha milimita 50 inasukuma kwa nguvu ya kilo 120 hivi. Huo ni uzito wa mtu mnene anakukanyaga kidole. Bomba lililojikunja likinyooka, ndiyo hadithi yako ile. Kwa hiyo kwetu kufuli ni mbili, ya umeme na ya hewa, na hewa iliyobaki inamwagwa hadi geji isome sifuri.

Na kinyume chake: fita anajua kufunga hewa, lakini anadhani umeme ukizimwa umekwisha. Kwenye inveta (kifaa cha kubadili kasi) ya mota ya fezi tatu, volti 400, ndani kuna kapasita zenye chaji ya karibu volti 565 za moja kwa moja, na zinachukua dakika kadhaa kumaliza chaji hiyo. Kuna maandishi kwenye mfuniko yanasema usubiri dakika ngapi. Nimeona mtu mzima anafungua mfuniko huku anasimulia mpira.

Nimeandika mrefu. Swali la vifaa wengine watajibu.

---

KijanaWaMita

Mimi nimemaliza hiyo kozi, diploma, chuo kingine. Naomba niseme yangu wazee mkiruhusu.

Usaili wa kwanza naulizwa, "Wewe ni fundi umeme au mekanika?" Nikasema vyote. Yule baba akacheka akasema vyote maana yake hakuna. Usaili wa pili wananipa mota, niandike namna ya kuifunga nyota-delta, nikakwama kwenye kontakta (swichi ya umeme ya mota) ya tatu kwa sababu chuoni tulifanya mara moja tu, kwa kuangalia. Nilijua kidogo kidogo cha kila kitu. Rafiki yangu aliyesoma umeme mtupu akapata kazi kabla yangu, na leseni ya ufundi umeme ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) anaishughulikia kwa njia iliyonyooka, mimi bado nazunguka kueleza vyeti vyangu vina masomo gani.

Silaumu kozi. Ila walimu mjue sisi ndio tunaolipa.

---

Kipanga_Mbishi

Si nilisema.

---

MamaBeringi

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Kericho, kiwanda cha majani chai. Kijana, pole. Huyo baba wa usaili alikuuliza swali baya lakini jibu lako pia lilikuwa baya. Ukiulizwa hivyo sema: "Mimi ni fundi umeme ninayeweza kufuata tatizo hadi kwenye beringi." Uwe na nyumba yako, halafu uwe na ruhusa ya kuingia za jirani.

Mwalimu, kuhusu kuanza na nini. Mimi nilisoma umeme, cheti cha kawaida, kabla ya haya mambo ya umilisi, ya kupimwa kwa unachoweza kufanya. Nikaletwa kiwandani, wote wanaume, wakaniweka kwenye paneli kwa sababu waliona mwanamke atachafuka grisi. Kulikuwa na mzee mmoja wa beringi. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, anasikiliza. Nikamwambia nifundishe kusikia. Alinicheka wiki nzima, kisha akanifundisha. Sasa feni ya kukaushia majani ikikata kwa ovalodi (kinga inayozima mota ikivuta umeme kupita kiasi), vijana wanakimbilia kupandisha kiwango cha ovalodi. Mimi nasikiliza kwanza. Mara nyingi mota haina kosa lolote, inavuta ampia nyingi kwa sababu beringi imekauka au mkanda umekazwa kupita kiasi na mtu wa zamu iliyopita. Mita inasema ampia, haisemi kwa nini. Na ukipandisha ovalodi umemwondoa mlinzi getini kwa sababu amepiga kelele.

Kwa hiyo ushauri wangu: kila mwanafunzi awe na fani moja anayoijua hadi chini, ile nyota-delta aifanye mara ishirini macho yamefumba. Nyingine azijue kiasi cha kutosha kusoma dalili na kutojiua. Usiwadanganye kwamba watatoka mafundi watatu ndani ya ovaroli moja. Miaka miwili haitoshi, hata mitano haikunitosha.

Vifaa: achana na meza ya bei ya gari. Tafuta basi lililokufa. Mabasi makubwa yana milango inayofunguka kwa hewa, silinda zake ni za ukweli, si za kuchezea, na umeme wa basi ni volti 24, sawa na PLC yako. Koili za valvu zake utazikuta za volti hiyo hiyo. Mkanda tengeneza kwa mota ya waipa na mnyororo wa baiskeli, ila mota ya waipa ya gari dogo ni volti 12, ya lori ndiyo 24, usichanganye. Sisi tulitoa vitu vyetu Kirinyaga Road, Nairobi, nyinyi huko kwenu mna gereji. PLC moja inatosha ikiwa wengine wanaandikia programu kwenye kompyuta na kuijaribu humo humo: CODESYS unaipakua bure na ina sehemu ya kuigiza, OpenPLC pia ni ya bure na unaweza kuiweka kwenye Raspberry Pi au Arduino. Kisha kila kundi lina zamu yake kwenye mashine ya kweli. Lakini usiwaache kwenye kuigiza muda mrefu. Kwenye kompyuta bomba halijikunji.

---

Mtanga_Ughaibuni

Salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ujerumani kusini, mwaka wa tatu wa uanagenzi wa hiyo hiyo mekatroniki. Niwaambie wanavyofanya huku, si kwa sababu ni malaika, ila wameanza zamani: fani hii waliisajili rasmi mwaka 1998. Miaka mitatu na nusu. Siku za wiki zinagawanywa kati ya kiwanda na shule, na kiwanda kinakulipa posho. Na mwaka 2003 wakawafanyia hivyo hivyo mafundi wa magari, makenika wa gari na fundi umeme wa gari wakawa fani moja, kwa sababu gari lenyewe lilishaacha kutenganisha. Neno mekatroniki lenyewe wala si la kwao, lilitoka kampuni ya Yaskawa ya Japani mwaka 1969.

Mwalimu, utafurahi: miezi ya mwanzo nilipewa kipande cha chuma na tupa. Ndiyo. Nimetoka Tanga, nimepanda ndege, kuja kupiga tupa. Babu Tupa wako angekaa hapa bila shida.

Kitu cha kuiga ni shuleni. Hakuna somo linaloitwa umeme wala somo linaloitwa ufita. Kuna maeneo 13 ya kujifunzia, na kila eneo ni kazi: kuchambua mfumo unavyofanya kazi, kuunganisha sehemu za umeme kwa kuzingatia usalama, kutafuta hitilafu, hadi la mwisho kabisa ambalo ni kumkabidhi mteja mashine. Ndani ya kazi moja unakuta hesabu, umeme, hewa, hata namna ya kuongea na mteja. Mtihani una sehemu mbili, ya kwanza katikati ya safari ina asilimia 40 na inahesabika kwenye alama za mwisho, kwa hiyo huwezi kulala hadi mwaka wa mwisho.

Kitu cha kutoiga: huku kiwanda ndicho kina mashine. Shule ikikosa kitu, kesho niko kazini nakiona. Chuo chenu hakina hiyo bahati, msitafsiri mtaala mkaubandika ukutani.

---

FundiWaZamu

Kijana wa Mita, nimesoma maneno yako mara mbili. Ukija Dar usaili wowote wa matengenezo, omba uonyeshwe mashine iliyosimama. Usibishane na mtu aliye nyuma ya meza.

Nyongeza kwa mwalimu, nimeikumbuka jana nikiwa kazini. Msimu wa mvua hewa ya Dar inakuwa na maji mengi, kompresa inayakamua yanaingia kwenye mabomba. Kichujio kisipomwagwa kila zamu, maji yanafika kwenye valvu, inanata. PLC inaandika "silinda haijafika," na kila anayesoma maandishi hayo anakwenda kubadilisha sensa ya mwisho wa silinda. Nimeshakuta sensa tatu nzima kwenye ndoo ya taka. Mashine inalalamika kwa mdomo wa umeme, ugonjwa ni maji. Zoezi zuri sana hilo, na halina gharama.

---

MwalimuWaNyaya

Wakuu, nimerudi. Wiki tano zimepita, samahani kwa ukimya, tulikuwa na mitihani.

Nimefanya hivi. Ratiba ya saa sikuweza kuibadilisha, ina sahihi za wakubwa. Ila Ijumaa nzima tumeifanya ya mashine. Mimi na Babu Tupa tunasimama wote, kijana wa kompyuta akiwa na nafasi anakuja. Tukapata basi lililokufa kwenye gereji moja nje ya mji, mwenye nayo akatuuzia silinda mbili za mlango na mabomba kwa bei ya kuku watatu. Kila Ijumaa mmoja wetu anaingia saa moja asubuhi peke yake na kuharibu kitu kimoja. Babu ana roho mbaya kuliko nilivyodhani. Wiki ya kwanza alilegeza skrubu ya mguu wa sensa robo mzunguko, ikawa inaona kiboksi ikitaka. Wiki ya pili mimi nikaweka sensa ya NPN, asante Fundi wa Zamu. Walichukua saa moja na dakika kumi, lakini hakuna aliyesema upande wangu uko safi, kwa sababu tumeweka sheria: sentensi hiyo ni marufuku. Unaruhusiwa kusema tu "habari imefika hapa" na kuweka kidole.

Na kufuli mbili zipo. Ya hewa tumetengeneza wenyewe kwa bati, inafunika mpini wa valvu ya kufungia.

Ushauri wa Mama Beringi wa kuwa na nyumba yako umeleta ubishi. Babu anasema nyumba ya kila mtu iwe tupa. Mimi nasema iwe umeme. Kwa sasa tumewaacha wachague kwenye muhula wa pili, na tisa wamechagua umeme. Babu kanuna siku mbili, kisha akaja kwangu jioni na miwani yake akasema nimfundishe kusoma mchoro wa ngazi, ule wa programu ya PLC. Tumekubaliana kubadilishana. Nina kipande changu cha chuma kwenye droo, wiki ya tatu sasa, na mwanga bado unapenya upande mmoja.

Sasa nina swali jipya. Silinda moja ya basi tumeifunga kwenye valvu yetu ya 5/2 (matundu matano, mikao miwili). Ikiwa imetoka nje na imetulia, hewa inavuja mfululizo kwenye tundu namba 3 la valvu. Babu anasema silinda, mimi nasema valvu imechakaa. Nani anakula soda ya mwenzake?

---

FundiWaZamu

Msibishane, pimeni. Silinda ikiwa nje, hewa inaingia kwa tundu 4, na tundu 2 limefunguka kutolea kwa 3. Shusha presha hadi bar 2, chomoa bomba kwenye tundu 2, weka kidole mwisho wa bomba. Ukisikia hewa inatoka kwenye bomba, sili ya pistoni imekwisha, hewa inapita ndani ya silinda kutoka chumba kimoja kwenda kingine, Babu ameshinda. Bomba likiwa kimya na valvu inaendelea kuvuja, umeshinda wewe.

Ila wapeni vijana wafanye wao. Nyinyi wawili kaeni pembeni.

---

MwalimuWaNyaya

Bomba lilikuwa linapuliza. Babu amechagua soda ya tangawizi.